Uhakika wa Meku Filemon

Kila Meku Filemon, yaani Mzee Filemon kwa Kichaga, alipopita mbele ya maduka ya Kirua Vunjo, Mathew fundi cherehani alisimamisha mguu wake kwenye pedali na kumwamkia kwa sauti iliyofika hadi kanisani.

"Shikamoo, mnyongaji wangu!"

Filemon alimzidi Mathew miaka saba tu, kwa hiyo shikamoo yenyewe haikuwa ya lazima, lakini Mathew hakuikosa hata siku moja. Filemon naye alijibu marahaba ya harakaharaka na kukaza mwendo kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha maziwa motoni. Waliokaa barazani wakacheka. Mgeni angedhani hao ni mashemeji wanaotaniana. Hawakuwa mashemeji.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa saba wa mwaka 1984, majira ambayo ukungu hushuka mlimani na kukaa vihambani, kwenye mashamba ya migomba, siku nzima, Yohana, mdogo wake Filemon, alikutwa amekufa kando ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji kwenye migomba. Baiskeli yake haikuonekana. Yohana alikuwa na miaka thelathini na minne, hajaoa, mtu wa mizaha, hodari wa kupiga mluzi kwa vidole viwili mpaka mbwa wa kijiji kizima wakabweka. Jioni ile Filemon alikuwa anakata majani ya ng'ombe ng'ambo ya korongo. Alimwona mtu mwenye kofia ya sufu na koti refu akishuka mbiombio huku anasukuma kitu. Polisi walipomuuliza ni nani, alisema ni Mathew. Mathew alikuwa na kofia kama ile na koti kama lile, na wiki moja kabla ya hapo alikuwa amegombana na Yohana kwenye pombe ya mbege kuhusu zamu ya maji. Mathew alisema siku hiyo alikuwa Chekereni, kule tambarare, akimsaidia shemeji yake kuvuna mpunga. Hakusadikiwa. Jaji alimuuliza Filemon kama ana uhakika, na Filemon akajibu, "Kama ninavyomjua mama yangu mzazi."

Mathew akahukumiwa kunyongwa hadi kufa. Alikuwa ameshakaa mahabusu miaka mitatu. Akakaa mingine mitatu katika gereza la mbali, upande wa wanaongoja kamba, mpaka majaji wa rufaa waliposoma jalada na kusema kwamba mtu aliyeonekana ng'ambo ya korongo, katika ukungu, hatambuliwi kwa kofia. Akarudi nyumbani mwaka 1990, amekonda, na huku anajua kushona. Mwaka uliofuata baiskeli ya Yohana ikakamatwa Arusha kwa mtu ambaye hakuna aliyemjua Kirua. Huyo alikiri kila kitu, kisha akafa kwa homa kabla kesi yake haijasikilizwa.

Filemon hakuwahi kumwomba Mathew msamaha. Si kwamba hakutaka. Mara mbili alivaa koti akatoka kwenda, na mara zote mbili akaishia kwa katekista kuzungumzia mvua. Badala yake akapeleka ndizi. Kila baada ya wiki mbili mkungu mmoja wa mshare uliokomaa vizuri uliwekwa mlangoni kwa Mathew. Monica, mke wa Mathew, aliupokea bila neno, akaukata vipande na kumpa ng'ombe. Kijiji kizima kilijua. Ng'ombe wa Monica alinawiri mpaka watu wa Marangu wakaja kuuliza anakula nini.

Mathew hakununa. Alitania. Alitania njiani, kilabuni, hata kwenye foleni ya kukomunika. Monica hakutania wala hakusalimia.

Basi mwaka 1998 barua ikafika kwa Eliakim, mwenyekiti wa kijiji. Shirika moja la wanasheria la Dar es Salaam lilikuwa linazunguka nchini kuuliza wananchi kama adhabu ya kunyongwa ibaki au iondolewe. Wangefika Kirua Jumapili, baada ya misa ya pili, kwenye ukumbi wa parokia. Kutakuwa na soda. Eliakim alilisoma hilo la soda mara mbili, kisha akapanda kwa Filemon.

"Meku, tunahitaji msemaji mmoja kila upande," alisema. "Upande wa ibaki, watu wote wanakutaja wewe."

"Wananitaja kwa nini?"

"Kwa sababu umelisema hilo tangu nchi ilipokuwa na foleni za sukari."

Ni kweli alikuwa amelisema. Dominika, mke wake, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, hakuinua hata kichwa. "Mpe, Mwenyekiti. Hapa nyumbani anahutubia kuku. Wameshachoka."

Eliakim alipoondoka, Filemon alisema lile alilokuwa analisema kila mara mjadala huo ukizuka. "Aliyemuua mdogo wangu alikufa kitandani. Kwa homa. Kama mtu mwema tu."

"Najua, Baba Violet," alisema Dominika, safari hii bila utani. Kisha akaongeza, "Lakini ukienda kusema mbele za watu, koti lako lina kola iliyochanika. Peleka kwa fundi."

"Fundi yupi?"

"Kwani kijiji hiki kina mafundi wangapi?"

Akaenda Ijumaa, saa nne asubuhi, akitumaini kumkuta Mathew amezidiwa na kazi. Hakuzidiwa. Siku hizo mitumba ilikuwa imejaa hadi minadani, na kazi ya fundi ilibaki kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwatoshe Wachaga wembamba. Mathew alilipokea koti, akaligeuzageuza, kisha akachukua futi yake ya kamba na kuizungusha polepole kwenye shingo ya Filemon.

"Inchi kumi na sita na nusu," alisema. "Shingo ya heshima hii. Mimi nami walinipima kule, lakini yule bwana hakuniuliza habari za kola."

Barazani walicheka. Filemon alisimama wima, macho mbele, kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Nasikia Jumapili unanisemea," Mathew aliendelea, akiandika namba kwenye kipande cha gazeti.

"Sikusemei wewe. Nasema juu ya sheria."

"Vizuri. Sheria ikikuuliza habari zangu, isalimie." Akaweka koti kwenye cherehani. "Njoo kesho. Nitakuwekea kola ngumu, usije ukainamisha kichwa mbele za watu wa Dar."

Jumapili ukumbi ulijaa. Wakili aliyeongoza ugeni alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, aitwaye Rahma, mwenye miwani na sauti ya upole. Aliwaamkia wazee shikamooni, wazee wakamwitikia kwa furaha, naye akaeleza kwamba hakuja kufundisha, alikuja kusikiliza. Hapo alikosea, kwa sababu watu wa Kirua wakiambiwa wanasikilizwa hawaishi kusema.

Mzungumzaji wa kwanza alitaka adhabu ya kunyongwa ibaki kwa wauaji. Wa pili alitaka iongezwe kwa wezi wa ng'ombe. Wa tatu alikuwa ameibiwa kahawa iliyoanikwa kwenye chekeche, akataka na wezi wa kahawa wasisahaulike. Bibi mmoja mkongwe, Elinipendo, alisimama kwa taabu na kuuliza kama wanaogeuza maji ya mfongo pasipo zamu wao nao wanaweza kuingizwa, hata kama si kunyongwa kabisa, basi kidogo.

"Tukimaliza kuwanyonga hao wote," Dominika alisema kwa sauti kutoka benchi la akina mama, "nani atabaki kuchuma kahawa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakili Rahma alificha tabasamu nyuma ya karatasi zake, kisha akaomba wasemaji waliopangwa. Katekista alisimama kwa upande wa iondolewe na kusoma kwa dakika kumi na tano barua ya kichungaji ambayo wengi walikuwa wameshaisikia kanisani. Kisha akaitwa Filemon.

Alisimama na kola yake ngumu. Alikuwa amejiandaa vizuri, na alisema vizuri. Alisema mtu akiuawa, wanaobaki hawaombi kisasi, wanaomba uzito. Wanataka serikali iseme kwamba huyu aliyekufa alikuwa mtu. Alisema juu ya Yohana bila kumtaja jina, juu ya mluzi wake na vidole vyake viwili, na akina mama wawili watatu wakajifuta macho. Alisema muuaji akilishwa na kulazwa mpaka afe kwa homa, ni kama serikali imeinua mabega tu. Watu wakapiga makofi. Filemon akaona amemaliza, akataka kukaa.

Mkono uliinuka mstari wa mbele. Alikuwa Mathew.

Watu walianza kucheka kabla hajasema neno. Walijua kuna utani unakuja, na Filemon alijua pia, akajikaza kuupokea.

"Nina swali moja kwa Meku," alisema Mathew. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. "Siku ile mahakamani. Ulikuwa na uhakika kiasi gani?"

Vicheko vilikatika. Wakili Rahma alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na katekista akamwinamia sikioni kumweleza. Miwani ya dada yule ilishuka puani.

Filemon alifungua mdomo kusema alilolisema moyoni miaka yote, kwamba kulikuwa na ukungu, kwamba alikuwa na uchungu, kwamba polisi walimharakisha. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali aliloulizwa.

"Wote," alisema. "Nilikuwa na uhakika wote. Sikudanganya, Mathew. Nilikuona. Hata sasa nikifumba macho nakuona wewe, na lile koti lako, unashuka. Na wewe ulikuwa Chekereni, miguu kwenye tope la mpunga." Akaishika kola yake kana kwamba inambana. "Jana nilikuwa na uhakika nimefunga banda la kuku. Ningeapa mbele ya Askofu. Dominika akaniita nione kuku wanavyokula mchicha wake."

Hakuna aliyecheka, hata Dominika.

"Nilitaka mtu," alisema Filemon. "Yohana alikuwa amelala pale kwenye maji na mimi nilitaka mtu. Wewe ulikuwa karibu. Mathew, nilikukosea. Monica, nilikukosea. Miaka minane naleta ndizi kwa sababu mdomo umekuwa mzito. Naomba mnisamehe."

Mathew alitazama chini, akisugua kidole chake gumba kwenye goti. Aliyejibu alikuwa Monica, kutoka benchi la nyuma.

"Ndizi zako nampa ng'ombe."

"Najua," alisema Filemon.

"Mkungu mzima."

"Najua, Mama."

Monica alijifunga upya kitenge chake, taratibu, ingawa hakikuwa kimelegea. "Unaofuata tutakula wenyewe," alisema, akakaa, akamgeukia jirani yake na kuanza kuuliza habari za ubatizo wa mtoto wao kana kwamba ndiyo iliyokuwa mada.

Wakili Rahma alikohoa kidogo. "Mzee wangu, nisamehe nikikurudisha nyuma. Kwa maoni yako niandike ibaki, au iondolewe?"

"Andika bado nafikiri."

"Fomu haina nafasi hiyo, mzee. Ina ibaki na iondolewe."

"Basi hiyo fomu iliandikwa na watu wenye uhakika," alisema Filemon, na hapo ndipo ukumbi ulipopumua na kucheka.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Ibaki ikashinda, si kwa mbali sana. Dominika alinyoosha kwa iondolewe, akamtazama mume wake aone kama atamtolea macho, hakumtolea. Mkono wa Filemon ulibaki mapajani mara zote mbili. Mathew naye hakunyoosha kokote. Kisha Eliakim akapata nafasi aliyokuwa anaingoja tangu asubuhi, akaanza kuwaeleza wageni wa Dar matatizo ya maji, naye hakunyamaza mpaka soda zilipoisha.

Jumatatu Filemon aliteremka kwenda dukani. Alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua gunia, na alijitayarisha kwa sauti ile.

"Habari za asubuhi, Meku," alisema Mathew.

"Nzuri," alijibu Filemon, akasimama. Hakikuja kitu kingine. Mathew aliinamia suruali yake na pedali ikaendelea.

Jumanne, habari za asubuhi. Jumatano, habari za asubuhi. Barazani watu walitazamana. Filemon alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua kofia.

"Hajasema kitu leo pia," alimwambia Dominika.

"Miaka minane ulikuwa unapita njia ya nyuma kumkwepa."

"Sikupita kila siku."

"Mvua ikinyesha hukupita. Sasa amekusamehe, ameacha kukutania, na wewe umevimba. Baba Violet, unataka nini hasa?"

Alhamisi Filemon alichagua suruali isiyo na tatizo lolote, akaichana kidogo mwenyewe kwenye pindo, na kuipeleka kwa fundi. Mathew aliutazama mchano, akamtazama mwenye suruali. Baraza lilikuwa tupu. Watu walikuwa wamekwenda mnadani.

"Nilikosea kuyasema yale?" aliuliza Filemon.

"Hukukosea."

"Mbona basi umenikasirikia?"

Mathew alitungia uzi kwenye sindano, akachukua muda wake. "Sijakukasirikia. Ila ungenipa taarifa mapema. Mtu unakuwa na kazi yako, unaifanya miaka yote, halafu Jumapili moja mtu anasimama ukumbini na kuifunga."

"Kazi gani?"

"Ya kukutania." Aliliweka pindo sawa. "Unajua nilijifunza wapi kushona? Kule ndani, sisi tuliohukumiwa hatukupewa kazi. Kulikuwa na fundi mmoja wa Pasua, pale Moshi mjini, chumba cha pili kutoka kwangu. Alinifundisha kwa mdomo, kupitia mlangoni. Hana sindano, mimi sina kitambaa. Anasema: sasa kunja mara mbili, sasa pitisha ndani. Nakunja hewa. Nilipotoka nikakalia cherehani kwa mara ya kwanza, nikakuta mikono inajua."

Filemon hakuwahi kusikia habari hiyo. Miaka yote ya utani, Mathew hakuwahi kusema hata neno moja la huko ndani ambalo halikuwa mzaha.

"Asubuhi ukisikia viatu vinakuja," Mathew aliendelea, "unatafuta kitu cha kushika kichwani mpaka vipite. Wengine walishika rozari. Mimi nilikushika wewe. Mwaka wa kwanza nilikutukana. Matusi ya Kiswahili yakaisha, nikaingia ya Kichaga, nayo yakaisha. Basi nikaanza kutunga nitakachokuambia siku nikitoka, nikikukuta barabarani mbele za watu. Yule fundi ndiye aliyekuwa ananipima. Hili zuri. Hili bado. Hili litamwangusha mzee wa watu, liache." Akakata uzi kwa meno. "Mnyongaji wangu lilikuwa la kwanza. Tulilicheka siku mbili."

"Naye alitoka?"

"Walimchukua mwaka themanini na tisa."

Gari la mkaa lilipita likielekea chini, likaacha vumbi, na vumbi likatua kwenye suruali iliyolala mezani.

"Aliitwa nani?" aliuliza Filemon.

"Shakiru."

Filemon alilirudia jina hilo kwa sauti ndogo. Kisha akavuta kigoda na kukaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye baraza lile. "Yamebaki mangapi?"

"Mangapi nini?"

"Mliyotunga."

"Yamebaki. Lakini nitayatoaje sasa? Umeomba msamaha mbele ya katekista, mbele ya wakili, mama zetu wamelia. Nikikutania leo nitaonekana mtu wa roho mbaya."

"Nani atakuona? Wote wako mnadani."

Mathew alitazama kushoto, akatazama kulia. Uso wake ulianza kubadilika upande mmoja, kama uso wa mtu anayejizuia kupiga chafya kanisani.

"Siku utakapokufa, Meku," alisema, "utafika kwa Mtakatifu Petro. Huko juu mawingu yamejaa, ukungu mtupu. Petro atakuuliza, wewe ni nani? Utajitazama miguu, utajitazama koti, utamjibu: nina uhakika, ni Mathew. Basi watalifuta jina langu kwenye kitabu cha walio hai, na mimi niko hapa Kirua, ndiyo kwanza napakua mtori."

Filemon alitaka kujibu kwa heshima inayomfaa mtu wa umri wake. Badala yake kitu kilimtoka kifuani, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Mathew akainuka kumpiga mgongoni.

"Hilo lilikuwa la Shakiru mwenyewe," alisema Mathew. "Nililiogopa kidogo. Nilidhani utakasirika."

"Halina adabu hata kidogo," alisema Filemon, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Mwislamu wa Pasua alijuaje habari za Petro?"

"Tulikuwa na muda mwingi. Mimi nilimweleza habari za Petro, yeye akanieleza habari za pilau."

Wakakaa hivyo, mmoja kwenye kigoda na mwingine kwenye cherehani, Filemon akiuliza na Mathew akijibu, mpaka watu walipoanza kurudi kutoka mnadani na mafurushi yao ya mitumba kichwani. Wa kwanza alitaka suruali ipunguzwe inchi nne. Filemon akasogeza kigoda kumpisha, lakini hakuondoka.